Nani alimaliza miti? Picha za setilaiti na ardhi ya West Nile

Vijana wenzangu, kila tukienda kutafuta kuni tunasikia maneno yale yale: ati wakimbizi ndio wamemaliza miti. Sasa huko juu kuna shahidi, na alianza kuangalia kabla sisi hatujazaliwa.

Tarehe 23 Julai 1972 Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza ya Landsat, ipige picha za ardhi ile ile tena na tena. Majani mabichi yanarudisha mwanga fulani ambao macho yetu hayaoni. Miti ikikatwa, mwanga ule unapungua, na setilaiti inajua.

Zamani watu walisema jangwa la Sahara linasonga kusini tu, halirudi. Mwaka 1991 Compton Tucker wa NASA na wenzake walitoa hesabu za setilaiti za 1980 hadi 1990: mwaka wa ukame jangwa linashuka kusini, mvua ikinyesha linarudi kaskazini. Kumbe picha ya mwaka mmoja inaweza kukudanganya.

Hapa kwetu je? Bidi Bidi, kule Yumbe jirani na Koboko, ilifunguliwa Agosti 2016, na mwanzoni mwa 2017 ilikuwa na watu zaidi ya 270,000. Ploti ya familia ilikuwa mita 30 kwa 30. Nukta moja ya picha ya Landsat nayo ni mita 30 kwa 30! Yaani nyumba, choo na bustani yako, vyote ni nukta moja. Mwaka 2017 FAO na UNHCR walipima kuni za Bidi Bidi kwa picha za setilaiti, na watu wakatembea chini kupima miti yenyewe.

Miti imepungua, tusikatae. Maharage hayaivi kwa maneno. Lakini kabla yetu West Nile ilikausha tumbaku kwa kuni na kuchoma makaa ya kuuza. Na Amin alipoanguka 1979, wenyeji wengi wa hapa walikimbilia Sudan na Zaire, nao wakapika kwa kuni za ugenini.

Setilaiti inaona mti umeondoka. Haioni nani alishika panga, wala alikuwa na njaa kiasi gani. Kwa hiyo, Rhino Camp, Imvepi, Lobule, kwenye mikutano tuombe picha za miaka mingi, siyo ya mwaka mmoja. Picha za Landsat ni za bure tangu 2008. Tuziangalie pamoja na wenyeji, halafu tukubaliane wapi tuanze kupanda.