WAZAZI NA SHULE ZA MSINGI: HISTORIA YA UGANDA INATUFUNDISHA NINI?



Ndugu wazazi, nanyi wanafunzi wetu, leo tunapenda tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalichukulia jepesi, nalo ni nafasi ya mzazi katika shule ya msingi anayosoma mwanawe. Tumezoea kusikia, "Mimi nimeshampeleka shule, iliyobaki ni kazi ya mwalimu." Kauli hii ina historia yake hapa Uganda, na tukiijua historia hiyo tutaona imetugharimu kiasi gani.

Hofu ya wazee wetu

Uislamu uliingia Buganda mwaka 1844 pamoja na wafanyabiashara kutoka pwani. Wamisionari wa Kianglikana walifika mwaka 1877 na Wakatoliki mwaka 1879, wakati huo wakiwepo Waislamu waliokwisha kujua kusoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu. Kwa hiyo si kweli kwamba wazee wetu hawakuijali elimu.

Lakini baada ya vita vya dini vilivyoanza mwaka 1888, Waislamu walishindwa, na shule zikawa mikononi mwa misheni. Mzazi Muislamu akabaki na njia mbili. Ama ampeleke mtoto shule akihofia atabatizwa na kubadilishwa jina, ama ambakishe kwa shekhe akasome Qur'ani peke yake. Wengi walichagua njia ya pili. Hatuwalaumu, kwani walikuwa wakilinda dini ya watoto wao. Hata hivyo gharama yake ilikuwa kubwa. Kazi za ofisini, za uganga na za sheria zilitaka cheti cha shule, na watu wetu wengi wakabaki katika uchinjaji, udereva na biashara ndogo ndogo. Kazi hizo ni za halali na hazina aibu, ila mtu aipende mwenyewe, asisukumwe kwa kukosa nyingine.

Walipoanza kujenga wenyewe

Katika miaka ya 1940 mambo yalianza kubadilika. Jumuiya ya Elimu ya Waislamu wa Uganda, ijulikanayo kwa kifupi UMEA, ilisimamia shule ambazo mtoto angeweza kusoma hesabu na Kiingereza bila kuacha dini yake. Mwanamfalme Badru Kakungulu alitoa ardhi yake katika kilima cha Kibuli kwa ajili ya msikiti na shule. Mwaka 1945 iliundwa kule Mombasa Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, na Aga Khan akaahidi kuongeza shilingi kwa kila shilingi iliyochangwa na Waislamu wenyewe.

Tuutazame utaratibu huo vizuri. Mahali ambapo waumini hawakutoa kitu, hapakuwa na cha kuongezewa. Shule ilianzia kwa wazazi.

Miaka ya dhiki

Muda mfupi baada ya uhuru wa mwaka 1962, serikali ilizichukua shule za dini chini ya usimamizi wake. Kisha ikaja miaka ya 1970 na 1980, uchumi ukaanguka na mshahara wa mwalimu ukawa haumfikishi popote. Waliozishika shule zisifungwe ni wazazi, kupitia umoja wa wazazi na walimu. Walichanga kujenga madarasa na kumwongezea mwalimu riziki yake.

Jambo hilo lilikuwa jema, lakini lilizaa tatizo. Mtoto wa maskini alirudishwa nyumbani kwa kukosa mchango, na pole pole mzazi akazoea kuonekana shuleni siku ya kulipa tu.

Mwaka 1997 na kutoelewana

Mwezi wa Januari 1997 serikali ilianzisha elimu ya msingi kwa wote, wenyewe Waganda wakaiita "Bonna Basome". Wanafunzi waliongezeka kutoka kama milioni 3.1 mwaka 1996 hadi kama milioni 5.3 mwaka 1997. Ni neema kubwa, hasa kwa watoto wa kike.

Hapo ndipo wazazi wengi walipojitoa. Walisikia neno "bure" wakadhani hata chakula, madaftari na sare ni juu ya serikali. Sivyo ilivyokuwa tangu mwanzo, na Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inataja waziwazi kwamba chakula, mavazi na malezi ya mtoto ni wajibu wa mzazi. Mtoto anayeshinda na njaa hadi jioni hawezi kushika somo. Sisi tunaowapokea madrasa baada ya shule tunawaona wakisinzia juu ya msahafu.

Fedha zilizopotea njiani

Wachunguzi walipofuatilia ruzuku iliyotolewa kwa kila mwanafunzi kati ya mwaka 1991 na 1995, katika shule kama 250, walikuta kwa wastani ni asilimia 13 tu iliyofika shuleni. Serikali ikaanza kutangaza kiasi hicho magazetini na kuagiza kibandikwe shuleni mahali pa wazi. Kufikia mwaka 2001 kiasi kilichofika kilizidi asilimia 80. Wapo wanaosema mageuzi mengine pia yalisaidia, na huenda ni kweli. Lakini mafunzo yanabaki, kwamba mali ya umma hupona pale wenye watoto wanapojua haki yao na kuuliza.

Basi tufanye nini?

1. Tuhudhurie mikutano ya wazazi, baba na mama wote, si mama peke yake.

2. Tugombee nafasi za wazazi katika kamati ya usimamizi wa shule. Shule zilizoanzishwa na Waislamu bado zina wajumbe wanaopendekezwa na waanzilishi. Tupeleke watu wenye muda na uaminifu.

3. Tusome ubao wa matangazo, tuulize kwa adabu ruzuku imetumikaje.

4. Tukubaliane juu ya uji au posho na maharage ya mchana. Asiye na fedha alete mahindi au kuni.

5. Tufungue madaftari kila jioni. Hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kuona kama ukurasa umeandikwa au mtupu.

6. Tumjue mwalimu wa darasa kwa jina kabla mtoto hajapata tatizo.

Ndugu zetu, wazee wetu walikaa mbali na shule kwa kuihofia dini ya watoto wao. Sisi hatuna udhuru huo tena. Mtoto ni amana, na amana haiachwi mlangoni mwa shule.

Tunamuomba Allah atuwezeshe kuwalea watoto wetu katika elimu yenye manufaa hapa duniani na kesho akhera. Aamiin.