Farasi wa theluji na gari lisilo na magurudumu

Mwenye ndugu kule Norwe, Uswidi ao Ufini huenda amekwisha kupokea picha hii kwenye simu: farasi mwenye manyoya mengi, nyuma yake gari la mbao lisilo na magurudumu, na ndani yake watu waliofunikwa ngozi hadi kifuani. Inchi hizo tatu zimepokea wakimbizi Wakongomani kwa miaka mingi kupitia HCR, na wamoja wao wanakaa mbali kabisa upande wa kaskazini. Kule Tromsø, kwa mfano, jua halionekani tangu mwisho wa mwezi wa 11 mpaka katikati ya mwezi wa 1. Saa sita ya mchana kunakuwa tu mwanga wa bluu, sawa hapa Bukavu jua likiisha kutua.

Gari hilo linaitwa sleji. Linakaa juu ya mbao mbili ndefu zilizopindwa mbele kama pua ya mtumbwi, na chini yake kumepigiliwa chuma. Juu ya theluji iliyokazwa chuma kinateleza, na farasi mmoja anavuta mzigo mkubwa kuliko ule angevuta kwa magurudumu kwenye njia ya matope. Ndiyo maana wakulima wa kule walingojea baridi kwa kazi nzito: kutoa magogo porini, kuleta majani makavu ya ng'ombe, kupeleka samadi shambani. Ziwa likiganda linakuwa barabara. Ni kama Ziwa Kivu lingekuwa gumu, na farasi akakata moja kwa moja toka Bukavu mpaka Idjwi.

Kengele kwenye shingo ya farasi si pambo tu. Sleji haina sauti, na katika giza mwenye kutembea kwa miguu hawezi kusikia inakuja. Viatu vya chuma vya farasi navyo vinawekwa misumari ili asiteleze kwenye barafu. Jambo wageni wengi hawalijui ni hili: baridi yenyewe haimsumbui sana, juu ya manyoya yake ya wakati huo. Kinachomwumiza ni jasho. Akisimama akiwa amelowa, upepo unampata, na ndiyo maana mwenye shamba anamfunika blanketi mara tu safari inapoisha.

Kisha wageni wanaingia kwenye banda. Hapo ndipo penye somo kubwa, ingawa wengi wanapiga picha na kukimbilia kahawa. Majani yote yaliyo mule yalikatwa na kukaushwa katika miezi michache ya kiangazi, wakati jua la kule halitui. Mwenye kukosea hesabu ya majani mwezi wa 8 hana pa kukata mwezi wa 2. Maji nayo yanalindwa yasigande.

Leo kazi hiyo ni ya utalii, lakini zamani ilikuwa ni maisha ya watu. Katika vita vya 1939 mpaka 1944 jeshi la Ufini lilivuta mizigo mingi kwa farasi wa inchi hiyo, aina iliyoandikwa katika daftari yake rasmi tangu 1907. Kisha trakta zikaja. Farasi mdogo wa Lyngen, kaskazini ya Norwe, nusura aishe kabisa, mpaka wafugaji wachache wakamrudisha.

Na huku kwetu, kwa nini farasi hatumwoni? Sehemu nyingi za Afrika ya kati zina mbung'o, ule nzi tsetse anayeleta malale kwa watu na nagana kwa mifugo. Tena kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoletwa na vidudu vidogo vinavyouma usiku, na farasi asiye na kinga mara nyingi anakufa. Milima ya Kabare na Walungu ina baridi, na ng'ombe wanaishi humo vizuri, lakini miteremko ni mikali na mashamba ni madogo. Ng'ombe wenyewe ni mali na mahari, na vita vimewapora wengi.

Basi mzigo umebaki kwa mtu. Toka kando ya ziwa mpaka soko ya Kadutu, mama wanapanda na gunia la makala ao la mihogo mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso. Kule Goma wanaume wamejitengenezea chukudu, gari la mbao ambalo limesimamishiwa sanamu ya rangi ya dhahabu. Kwenye mteremko inabeba mamia ya kilo. Kwenye kupanda, mwenyewe anashuka na kuisukuma.