Neno "Mess": Kutoka Mezani hadi Fujoni

Miaka kadhaa iliyopita tulimpa mwanafunzi wetu mmoja kifungu cha Kiingereza akifasiri kwa Kiswahili. Kifungu kilihusu kambi ya askari, na ndani yake mlikuwa na maneno "officers' mess". Kijana alilijua neno "mess" kwa maana ya vitu vilivyotapakaa ovyo, basi akaandika: "fujo ya maofisa". Darasa zima liliangua kicheko, nasi twakiri kuwa tulicheka pamoja nalo. Lakini kijana alipouliza, "Mwalimu, yawezekanaje neno moja liwe fujo, tena liwe mahali pa kulia chakula?" tulikosa la kumjibu. Makala haya ndiyo jibu letu, ingawa limechelewa.

Asili ya neno hili ni kitenzi cha Kilatini "mittere", maana yake kutuma, na katika zama za baadaye, kuweka. Kutokana nacho likapatikana jina "missus", yaani chakula kilichotolewa jikoni kikawekwa mezani. Wafaransa wa kale wakalitamka "mes". Wanormandi walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya mabwana na ya karamu zao, na maneno mengi ya chakula yakaingia katika Kiingereza kwa mlango huo. Kufikia mwaka 1300 hivi, Waingereza walikuwa wakisema "mess" kwa maana ya sahani ya chakula, au sehemu ya chakula aliyopakuliwa mtu. Katika tafsiri ya Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Yusufu anapowakaribisha nduguze, ile sehemu ya Benyamini iliyozidi za wenziwe mara tano inaitwa "mess". Hapo hapana uchafu wala vurugu. Pana heshima na upendo.

Hatua ya pili ilikuwa kutoka kwenye chakula hadi kwa walaji. Katika karamu za Uingereza ya kale watu walipangwa kwa makundi, aghalabu wanne wanne, na kila kundi likapakuliwa chakula chake. Kundi hilo nalo likaitwa "mess". Sisi tuliozoea kuona watu wakizunguka sinia moja harusini hatuoni ajabu: walao pamoja huwa kitu kimoja. Desturi hiyo imehifadhiwa hata leo katika vyama vya kale vya mawakili mjini London, ambako wanachama huketi wanne wanne wakati wa chakula cha jioni. Katika karne ya 16 jina likahamia mahali penyewe pa kulia, na wanajeshi na mabaharia wakalishika. Kwa njia ya jeshi likatufikia Afrika Mashariki, likawa "mesi", ingawa Kiswahili kina pia neno "bwalo".

Basi fujo ilitoka wapi? Ilitoka katika sahani ile ile. Katika karne ya 18 neno hili lilitumiwa pia kwa chakula cha mchanganyiko, hususa kile walichopewa wanyama, ambacho hakikutazamika. Kutoka hapo dharau ikajipenyeza. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 likawa na maana ya mchanganyiko usio na mpango, kisha hali ya mambo kuvurugika. Na kufikia katikati ya karne hiyo, chumba kisichopangwa nacho kikaitwa hivyo. Mtoto huyu wa mwisho amewashinda kaka zake nguvu, hata watu wengi hawawajui tena.

Tusidhani kwamba hayo ni maajabu ya Kiingereza peke yake. Tulitazame neno letu "mseto". Hiki ni chakula cha mchele na choroko vilivyopikwa pamoja. Nalo limetoka jikoni, likawa mchanganyiko wowote, hata leo twasema "serikali ya mseto". Njia ni moja, ila mwisho wake si mmoja: Waingereza walipotazama chakula kilichochanganywa waliona vurugu, nasi tukaona ushirikiano.

Hapa yafaa tutoe tahadhari. Mtu aweza kudhani kuwa "mess" na "meza" ni ndugu, maadamu yanafanana kwa sauti na yote mawili yahusu kula. Sivyo. "Meza" tuliipata kwa Wareno, nao waliirithi kutoka neno jingine la Kilatini, "mensa". Ndugu wa kweli wa "mess" ni "misa" na "misheni", ambayo yote chimbuko lake ni kile kitenzi cha kutuma. Kufanana kwa sauti si ushahidi wa nasaba. Ushahidi ni historia.

Twarejea kwa kijana wetu. Kosa lake lilikuwa kumvisha kaka mkubwa jina la mdogo. Kosa letu lilikuwa kubwa zaidi, kwani yeye aliuliza na sisi tulicheka. Walimu wenzetu, mwanafunzi akosapo kwa namna hiyo, tusiharakishe kuvuta kalamu nyekundu. Huenda amegusa mlango ambao sisi wenyewe hatujapata kuufungua.