Chombo cha Baba na Mwana

Neno chombo katika Kiswahili lina kazi nyingi, na mbili kati yake zinafanana kuliko zinavyodhaniwa. Chombo ni jahazi lipasualo mawimbi, na chombo ni ala iimbayo mikononi mwa mpigaji. Vyote viwili huundwa kwa mbao na kwa vipimo; na aliyeviunda, akisha kuvishusha majini au kuvitia nyuzi, hana amri tena juu ya bandari vitakakofika. Kweli hii ilidhihirika katika nyumba ya watu wa kawaida mjini Feltham, magharibi ya London, ambako baba na mwanawe walianza kuunda gitaa la umeme mwezi wa Agosti 1963. Lilikuwa gitaa lao la kwanza.

Mwana alikuwa Brian May, kijana wa miaka 16, mpenzi wa muziki na mwanafunzi hodari wa sayansi. Baba alikuwa Harold May, mchoraji wa mitambo katika Wizara ya Usafiri wa Anga ya Uingereza, mtu ambaye hata televisheni ya nyumbani kwake aliiunda mwenyewe. Wakati huo gitaa la umeme halikuwa jambo geni duniani. Magitaa ya Rickenbacker yalikuwa yameuzwa Marekani tangu 1932, na Leo Fender alikuwa ametoa mwaka 1950 gitaa lenye kiwiliwili cha ubao usio na uwazi ndani, ambalo shingo yake hufungwa kwa skrubu. Lakini serikali ya Uingereza ilizuia ala za Marekani kuingizwa nchini kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1950. Zuio lilipoondolewa mwaka 1959, bei ilisimama mlangoni badala yake. Nyumba ya akina May haikuwa na fedha za kununua Fender wala Gibson. Kilichokuwapo kilikuwa ujuzi, subira, na chumba kimoja kilichogeuzwa karakana.

Akiba haiozi, na nyumba ile ilikuwa na akiba ya vitu ambavyo wengine wangaliviita takataka. Shingo ya gitaa ilichongwa kutoka ubao wa mahogani wa meko ya kale, ambayo rafiki wa familia alikuwa akiitupa. Wadudu walikuwa wameutoboa ubao huo, na matundu yao yakazibwa kwa vijiti vya kiberiti. Kitovu cha kiwiliwili kilikatwa kutoka mti wa mwaloni wa meza kuukuu, na juu yake ikagandishwa ngozi nyembamba ya mahogani iliyokuja kupakwa rangi nyekundu. Alama za shingoni zilitoka katika vifungo vya gamba la chaza vya mama wa nyumba. Springi mbili zilikuwa za vali za pikipiki aina ya Panther ya mwaka 1928. Mkono wa kutikisia nyuzi ulitokana na chuma cha kushikilia mkoba wa baiskeli, na ncha yake ikavikwa kipande cha sindano ya kufumia. Gharama yote ilikuwa kama pauni 8.

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kudhani kwamba gitaa hili ni hadithi ya vikorokoro vilivyokusanywa kwa bahati. Sehemu mia zilizowekwa pamoja bila kipimo hubaki kuwa sehemu mia. Urefu wa nyuzi ulikadiriwa kuwa inchi 24, na shingo ikagawanywa kwa vyuma vyembamba 24. Kila hatua hupunguza uzi kwa takriban sehemu moja katika kumi na nane ya urefu uliobaki, hata hatua ya kumi na mbili ikaangukia katikati kabisa ya uzi, penye inchi 12, ambapo sauti ile ile hurudi katika daraja la juu. Kosa dogo kama unene wa kucha hutosha kuharibu tuni. Kadhalika kitikisa nyuzi kiliundwa kwa hesabu ya mizani: bamba la chuma lilikaa juu ya makali kama ya kisu, nyuzi zikilivuta upande mmoja na springi za pikipiki zikilivuta upande wa pili. Nyuzi zenyewe zilipita juu ya magurudumu madogo, ili zikilegezwa na kukazwa zisikwame, bali zirejee mahali pake.

Mafanikio hayakuja bila aibu ya kwanza. Roho ya gitaa la umeme ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba, ambazo hugeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa mkondo wa umeme. Kijana alijitengenezea hizo pia, na mwanzoni sauti yake ilipendeza; lakini uzi ulipovutwa pembeni kwa kidole ulitoa mkwaruzo usiotakiwa, kwa sababu ya mpangilio wa ncha za sumaku. Akakubali kushindwa, akanunua tatu zilizotengenezwa na kampuni ya Burns, akazijaza gundi ngumu ndani ili zisipige yowe. Kila moja ikapewa swichi zake, na michanganyiko yake ikazaa sauti ambazo magitaa ya dukani hayakuwa nazo. Kujua la kuunda na la kununua ni sehemu ya ufundi.

Kazi ilichukua takriban miaka 2. Katika muda huo, mwaka 1964, familia ya Bulsara ilihama Zanzibar baada ya mapinduzi, ikaja kukaa katika mji ule ule wa Feltham. Kijana wao Farrokh, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946, aliishi karibu na karakana ile bila ya kuijua. Ulimwengu ulimjua baadaye kwa jina la Freddie Mercury. Mwaka 1970 yeye na Brian May walikuwa katika kundi moja, Queen, na sauti ya mwana wa Zanzibar ikapata mwenzi katika gitaa la meko kuukuu.

Hapo ndipo baba alipopata jaraha. Brian May alikuwa akisomea udaktari wa falsafa katika Imperial College, akichunguza vumbi lililotanda baina ya sayari. Mwaka 1974 aliacha utafiti ule afuate muziki. Harold May, aliyejinyima ili mwanawe apate elimu, aliona kwamba elimu imetupwa. Na kwa muda baba na mwana karibu hawakusemezana. Chombo alichokiunda kwa mikono yake kilikuwa kimemchukua mwanawe. Upatanisho ulikuja baadaye, pale mzee alipokwenda New York kuitazama Queen katika ukumbi wa Madison Square Garden, akaona kwa macho yake maelfu ya watu wakisikiliza mbao alizozichonga.

Harold May alifariki mwaka 1988. Mwaka 2002 gitaa lile lilipigwa juu ya paa la kasri ya Buckingham. Mwaka 2007, zaidi ya miaka 30 baada ya kuiacha kazi yake ya chuo, Brian May aliikamilisha na kutunukiwa shahada ya udaktari katika elimu ya nyota. Baba hakuwapo kuiona.

Ugomvi wa nyumba ile ulidai kwamba elimu ni njia moja na muziki ni njia nyingine. Lakini gitaa lenyewe lilikuwa shahidi dhidi ya dai hilo tangu siku ya kwanza. Mgawanyo wa shingo yake ni hisabati, mizani ya springi zake ni fizikia, na sumaku zake ni somo la umeme. Viondolewe hivyo, na wimbo hauko. Mwana hakuitupa elimu ya baba yake alipotoka nyumbani. Aliondoka ameibeba begani.