Chui wa Msituni na Kimputu wa Nyumbani

Ndugu Wakristu, katika jubilei hii ya parokia yetu twawakumbuka wazee waliotutangulia katika nchi ya Kasongo na Kabambare. Waliishi pamoja na chui wa msituni, na mamba na viboko wa Lualaba. Twadhani hatari yao kubwa ilikuwa meno ya nyama hao. Walakini historia yatufundisha neno lingine.

Mwaka 1870 Livingstone alikaa Kabambare. Wenyeji walimsimulia habari za soko, ambaye watu wa pwani humwita sokwe, kwamba humkamata mtu na kumng'ata vidole. Naye aliyaandika hayo. Lakini si soko aliyemdhuru: vidonda vya miguu vilimfungia nyumbani siku 80.

Baadaye waganga wawili, Dutton na Todd, walipanda mto Kongo wakichunguza ugonjwa wa usingizi. Walichunguza pia homa ya kurudia, wakathibitisha kwamba huletwa na kimputu, yaani papasi. Wote wawili wakashikwa na homa hiyo. Todd akapona, Dutton akafariki hapa Kasongo tarehe 27 Februari 1905, angali kijana. Chui hakumgusa.

Kimputu hangurumi. Mchana hujificha katika nyufa za ukuta na vumbi la sakafu. Usiku hutoka, hunyonya damu ya aliyelala, kisha hurudi mafichoni. Hata watoto wake huweza kurithi ugonjwa. Homa huondoka siku chache, halafu hurejea. Na mama mwenye mimba aweza kupoteza mtoto.

Tazameni desturi yetu. Chui akionekana, ngoma hulia na kijiji kizima huamka na mikuki. Mtoto akitetemeka kwa homa, mama yake hukesha peke yake.

Je, tusiwaogope mamba? Tuwaogope kwa akili: tusioge wala kuchota maji pahali wanapojulikana kukaa. Lakini mtu hukutana na mamba mara chache, na kimputu aweza kukutana naye kila usiku. Basi tuzibe nyufa, tuinue vitanda, tufagie sakafu, na mgonjwa tumpeleke upesi kwa waganga, kwa maana leo homa hiyo ina dawa.

Jubilei ni wakati wa kutengeneza nyumba. Tutengeneze ile ya roho, wala tusiisahau ile ya udongo, ambamo watoto wetu hulala.