Paul Kelly, Mtunzi Aliyeiimba Australia Bila Kuificha Aibu Yake

Agosti 2017, albamu ya Life Is Fine ilipanda hadi nafasi ya kwanza kwenye chati ya Australia. Mwenye albamu hiyo, Paul Kelly, alikuwa na miaka 62. Alikuwa amerekodi kwa zaidi ya miaka 35 na hakuwahi kushika namba moja hata mara moja. Wakati huo huo nyimbo zake zilikuwa zimekwisha kuimbwa kwenye fainali ya kandanda ya Kiaustralia, kwenye maombolezo ya waziri mkuu, na kwenye sebule za watu kila ifikapo Desemba. Wasikilizaji walikuwa wamemfikia zamani. Chati ndiyo iliyochelewa.

Kelly alizaliwa Adelaide, Januari 13, 1955, katika familia ya Kikatoliki yenye watoto wengi. Muziki ulitoka upande wa mama. Babu yake, Ercole Filippini, alikuwa mwimbaji wa opera mwenye asili ya Kiitaliano ambaye aliweka makazi Australia na kuanzisha kampuni ya opera pamoja na mkewe. Baba yake Kelly alikuwa mwanasheria; alifariki mwaka 1968, kijana akiwa na miaka 13 tu. Huko Rostrevor College Kelly alipiga tarumbeta, akawa nahodha wa kriketi, na mwaka 1972 akamaliza shule akiwa wa kwanza kimasomo. Chuo Kikuu cha Flinders hakikumweka sana. Aliacha masomo, akazunguka nchi akifanya vibarua, akajifunza gitaa na kuandika. Mwaka 1974, mjini Hobart, alisimama kwa mara ya kwanza mbele ya hadhira.

Miaka ya Melbourne ilikuwa ya kuhangaika. Alifika huko 1976, akapiga muziki kwenye baa, akaunda bendi iliyoitwa the Dots na kutoa albamu mbili, Talk ya 1981 na Manila ya 1982. Hazikuuza sana, na Kelly mwenyewe hakuzipenda. Katika kitabu cha maisha yake ameeleza wazi kwamba heroini ilimfuata kwa miaka mingi. Kufikia mwisho wa 1984 hakuwa na bendi, hakuwa na mkataba, na ndoa yake ya kwanza ilikuwa imevunjika.

Januari 1985 akahamia Sydney. Hapo akarekodi albamu ya Post akiwa na gitaa la kawaida lisilo la umeme na wanamuziki wachache, kwa gharama ya dola 3,500. Kwa bei hiyo bendi kubwa za wakati ule zisingemaliza wimbo mmoja, lakini ndiyo rekodi iliyomwonyesha Kelly sauti yake: sauti nyembamba, isiyojipamba, inayosimulia kama mtu anayezungumza na jirani.

Mwaka uliofuata alikuja na bendi mpya na albamu ya sahani mbili, Gossip, yenye nyimbo 24. Bendi iliitwa the Coloured Girls, jina lililoanza kwa utani juu ya wimbo wa Lou Reed. Walipoanza kuuza muziki Marekani ilibidi jina lifikiriwe upya, kwa kuwa lingesomeka kama tusi la rangi, na likawa the Messengers. Wimbo wa Before Too Long ulifika nafasi ya 15, na mwaka 1987 To Her Door ukafika ya 14.

Huo wa pili unaonyesha namna Kelly anavyofanya kazi. Ni habari ya mume aliyeharibiwa na pombe, mke aliyeondoka na watoto, na safari ya basi ya kurudi mlangoni pake baada ya mume kujirekebisha. Mtunzi anatupa siku, anatupa hata kampuni ya basi, kisha anatuacha kabla hatujajua kama wale wawili watapatana. Mambo yote ni ya kawaida kabisa, na kwa sababu hiyo hayasahauliki.

Lakini Kelly asingekuwa na uzito alionao leo kama angebaki kwenye habari za ndoa peke yake. Ndani ya Gossip kuna wimbo unaoitwa Maralinga, jina la eneo la jangwa la Australia Kusini ambako Uingereza ilijaribu mabomu ya nyuklia kuanzia 1956. Wenyeji asilia, Waaborijini, walikuwa wakiishi na kupita katika ardhi hizo. Kelly alimtaja Yami Lester, aliyekuwa mtoto wakati wingu jeusi la jaribio lililotangulia, la 1953, nje ya Maralinga, lilipowafunika watu wake, na baadaye akapofuka. Mwaka 1986 roki ya Australia haikuwa na nyimbo nyingi za namna hiyo.

Kazi kubwa zaidi ilizaliwa kambini, Queensland, alipokuwa na Kev Carmody, mwimbaji Mwaborijini aliyekulia katika maisha ya kuswaga ng'ombe. Wawili hao walitunga From Little Things Big Things Grow, ambao Kelly aliutoa 1991 na Carmody 1993. Ni historia tupu iliyosimuliwa kama ngano. Agosti 1966, Vincent Lingiari aliwaongoza Waaborijini wa jamii ya Wagurindji wapatao 200, wachungaji, watumishi wa ndani na familia zao, kuacha kazi katika ranchi ya Wave Hill, kaskazini mwa nchi. Ranchi ilikuwa mali ya kampuni ya ukoo wa Vestey wa Uingereza. Wafanyakazi Waaborijini walipewa ujira duni pamoja na posho ya unga, chai na sukari, juu ya ardhi ya mababu zao wenyewe.

Wengi walidhani ni mgomo wa mishahara. Wagurindji walitaka ardhi. Walipiga kambi Daguragu, wakakataa ahadi za nyongeza, wakangoja mwaka baada ya mwaka. Agosti 16, 1975, Waziri Mkuu Gough Whitlam alifika, akachota mchanga na kuumimina kiganjani mwa Lingiari kama ishara ya kuirudisha sehemu ya ardhi yao. Mpiga picha Mervyn Bishop, naye Mwaborijini, alilinasa tendo hilo, na mwaka uliofuata bunge likapitisha sheria ya haki za ardhi kwa eneo hilo la kaskazini mwa nchi.

Wimbo huo haukuwa na haraka ya kupendwa. Ulipita mashuleni, kwenye mikutano ya wafanyakazi, kwenye matamasha madogo. Mwaka 2008, baada ya Waziri Mkuu Kevin Rudd kuwaomba radhi Waaborijini bungeni, toleo jipya lenye sauti za wasanii wengi na vipande vya hotuba liliingia katika nyimbo tano za juu. Na Whitlam alipofariki, Kelly na Carmody walisimama Sydney Town Hall, Novemba 2014, wakamwombolezea kwa wimbo ambao yeye mwenyewe yumo ndani yake.

Mzungu kusimulia machungu ya Waaborijini ni jambo lenye mtego, maana ni rahisi kuwapokonya watu hata kilio chao. Kelly aliukwepa mtego huo kwa sababu alijua wakati wa kuimba na wakati wa kumpisha mwingine jukwaani. Archie Roach ni ushahidi. Roach alichukuliwa na serikali kutoka kwa wazazi wake angali mdogo sana, akalelewa na familia ya Kizungu, akawa kijana ndipo akajua ndugu zake ni nani. Kisha akaishi miaka mitaani. Mpiga gitaa wa Kelly, Steve Connolly, ndiye aliyemvumbua. Mwaka 1989 wakamkaribisha afungue onyesho lao kwenye ukumbi mkubwa wa Melbourne.

Roach aliimba Took the Children Away, habari ya watoto walioporwa kama yeye. Alipomaliza, ukumbi ulikuwa kimya. Akaamini amechukiwa, akageuka kuondoka, na hapo ndipo makofi yalipoanza, yakaongezeka hadi yakajaza jengo. Kelly na Connolly wakamtayarishia albamu yake ya kwanza, Charcoal Lane, iliyotoka 1990. Ripoti ya kitaifa kuhusu watoto hao ilikuja miaka saba baadaye. Katika muda huo huo Kelly alishiriki pia kutunga Treaty, wimbo wa bendi ya Yothu Yindi ulioidai serikali mkataba iliowaahidi wenyeji mwaka 1988 na kutoutekeleza.

Kuna Waaustralia watakaokwambia kwamba hayo yote ni mazuri, ila Kelly wao ni yule wa mchuzi. Mwaka 1996 aliombwa kuchangia albamu ya Krismasi ya hisani. Wimbo aliotaka kuuimba ulikuwa umeshachukuliwa, akaandika wake, How to Make Gravy. Joe yuko gerezani. Desemba 21 anamwandikia barua ndugu yake Dan, anauliza nani watakuja kula, nani atatengeneza mchuzi, kisha anatoa maelekezo ya mapishi: unga, chumvi, divai nyekundu, tomato sosi kidogo. Katikati ya mapishi woga wake unatokeza. Anamwonea wivu Dan kwa ajili ya Rita, mke wa Joe mwenyewe, anajilaumu, anaomba radhi. Hakuna kiitikio, na jina la kosa lake halitajwi. Siku hizi mashabiki wanaiita Desemba 21 Siku ya Mchuzi, na Desemba 2024 ikatoka filamu nzima iliyotengenezwa kutokana na barua hiyo.

Mwaka 2004 Kelly alijipa mtihani wa kuimba nyimbo zake 100 kwa mpangilio wa alfabeti, usiku nne mfululizo. Maelezo aliyokuwa akiyaandaa kwa maonyesho hayo yalikua yakawa kitabu cha 2010 chenye jina la wimbo wa mchuzi, na kwa maoni ya mwandishi huyu ni miongoni mwa vitabu bora vilivyoandikwa na mwanamuziki wa roki kuhusu kazi yenyewe ya kutunga. Baada ya namba moja ya 2017 ilikuja Nature, 2018, nayo ikashika namba moja. Mwaka 2025, akiwa ametimiza miaka 70, alifanya ziara yake ya kwanza ya kumbi kubwa kabisa za Australia na New Zealand.