Skana: kusikiliza redio za watu wa barabara

Skana ni poste ya redio isiyosema. Inapokea tu. Inaruka haraka toka wimbi moja hadi lingine, na ikisikia mutu anaongea, inasimama hapo. Huko Marekani kuna watu wanaitumia kusikiliza timu zinazotengeneza barabara kubwa.

Wanasikia nini? Mara nyingi mambo ya kawaida: mti umeanguka, chumvi ya kuyeyusha barafu imeisha kwenye kamyo. Lakini wakati wa theluji mambo yanakuwa mazito. Shofa anayeondoa theluji anaambia ofisi yake: daraja limeganda. Daraja linaganda mbele ya barabara, juu baridi inalipiga juu na chini. Mwenye skana anajua hatari ile ile dakika.

Kuna pia pale barabara inabaki na upande mmoja tu, jambo ambalo hata kwetu tunalijua. Wafanyakazi wawili wanasimamisha magari, mmoja huku, mwingine kule, na hawaonani juu ya kona. Wa huku anasema katika motorola: "Wa mwisho ni kamyo ya bluu." Wa kule hafungui njia mpaka kamyo ya bluu imemupita. Neno hilo moja likipotea, magari yanakutana uso kwa uso.

Majimbo mengi ya kule yalitumia kwa miaka mawimbi ya karibu megahezi 47. Yanaenda mbali, na vilima haviyasumbui sana, ila antena yake ni ndefu, mita moja na nusu hivi. Sasa mengine yamehamia dijitali. Katika Minnesota, watu wa barabara wanatumia mtambo mmoja na polisi, megahezi 800, na mazungumzo yanahama wimbi kila mara. Skana ya zamani inakamata vipande tu.

Na sheria? Marekani, sheria ya 1986 inaruhusu kusikia mawasiliano ya serikali yaliyo wazi, lakini si simu za mkononi. Uingereza inakataza kusikiliza yasiyokuhusu. Kwetu Kongo, kifungu cha 31 cha Katiba ya 2006 kinalinda siri ya mawasiliano ya kila mutu. Tena huku mashariki, fasi kuna vita, kukutwa na chombo kama hicho kunaweza kukuletea maswali mabaya. Mwenye kutaka kujua kama njia iko wazi, aulize shofa aliyefika leo, ao mkubwa wa timu pale pale kwenye shantie.